Picha kwa hisani ya nani?

*“Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga. Ninaandaa kitabu kidogo cha ziada cha historia na jiografia. Kitachapwa nakala 500 na kuuzwa shilingi 6,000 ili nirudishe gharama. Nimekusanya picha nne mtandaoni: askari wa enzi za Wajerumani (iko Wikimedia Commons, chini pameandikwa CC BY-SA 3.0 DE, mpiga picha Walther Dobbertin), dunia ikionekana kutoka angani, mama anayepanga samaki sokoni (CC BY-NC-ND), na mchoro wa Tingatinga wa chui niliotumiwa kwenye grupu la WhatsApp, ambao ningependa uwe jalada baada ya kuubadilisha rangi kidogo. Mchapaji anasema picha ikishaonekana Google ni ya umma, niandike tu ‘Picha kwa hisani ya mtandao’. Mwenzangu anasema nikibadilisha asilimia 30 inakuwa yangu. Na hiyo ya askari ina miaka zaidi ya mia, si imeshakuwa ya wote? Sitaki kuiba, lakini hela ya mwanasheria sina. Nifanyeje?”*

Mwalimu, umeuliza wakati mzuri, kabla kitabu hakijaingia kiwandani. Wengi huniandikia nakala zikiwa tayari zimefungwa kwenye maboksi, na hapo ninachoweza kuwasaidia ni kupunguza hasara tu.

Nikikusoma vizuri, una hofu mbili. Unaogopa kumdhulumu mtu usiyemjua, na unaogopa kwamba kufuata haki kutakudai fedha usizo nazo. Nianze na hiyo ya pili nikutoe wasiwasi: kati ya picha zako nne, mbili unaweza kuzitumia bila kulipa hata senti, moja inahitaji barua, na moja inahitaji mtu afunge safari. Mwanasheria hajaingia bado.

Sasa tuyaweke kando yale uliyoambiwa. Google ni kama mtu anayekuelekeza duka lilipo. Anakuonyesha mlango, ila bidhaa si zake na hawezi kukuruhusu uondoke nazo. Picha inayoonekana pale iko kwenye tovuti ya mtu fulani, na huyo ndiye wa kuulizwa.

Kuhusu “hisani ya mtandao”, nakuomba ulitazame neno lenyewe. Hisani ni wema ambao mtu anakutendea akijua anakutendea. Ukiandika “picha kwa hisani ya fulani”, unamwambia msomaji kwamba fulani alikupa kwa ridhaa yake. Mtandao haujakupa kitu. Maneno hayo yamezoeleka magazetini na kwenye kurasa za habari hadi yanaonekana kama kanuni, lakini mbele ya sheria hayana uzito, na kwa mpiga picha ni ushahidi kwamba ulijua picha si yako na hukumtafuta mwenyewe.

Na hiyo asilimia 30 sijaikuta katika sheria yoyote, ya Tanzania wala ya Kenya. Kubadilisha kazi ni mojawapo ya haki za aliyeitengeneza. Anayechukua picha bila ruhusa kisha akaigeuza rangi ameongeza jambo la pili juu ya lile la kwanza.

Chanzo cha mkanganyiko huu ni kwamba watu huichukulia hakimiliki kama hati ya kiwanja: usipokwenda ofisini kusajili, huna kitu. Haiendi hivyo. Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao Kenya ilijiunga nao 1993 na Tanzania 1994, haki inazaliwa palepale kidole kinapobonyeza kitufe cha kamera. Haihitaji usajili, wala alama ya herufi C ndani ya duara, wala jina kuandikwa kwenye kona. Usajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, unamsaidia msanii kuthibitisha kazi ni yake, lakini haki anayo hata kabla hajapanda daladala kwenda huko. Kwa hiyo picha isiyo na maelezo yoyote ihesabu kuwa ina mwenyewe. Kimya chake hakikupi ruhusa.

Ruhusa ya bure huja kwa njia mbili, na watu huzichanganya kila siku. Njia ya kwanza ni kazi kuwa milki ya umma, yaani hakuna tena mtu mwenye haki ya kumzuia mwingine. Hii ni kama barabara ya kijiji: unapita, unasimama, unageuka, humwulizi mtu. Njia ya pili ni leseni huria. Hapa mwenye shamba yupo na shamba bado ni lake, ila ameweka kibao getini: “Piteni, lakini msichume,” au “Chumeni, lakini mtaje mmepata wapi.” Asiyesoma kibao akavuna anavyotaka hawezi kujitetea kwamba geti lilikuwa wazi.

Vibao vinavyotumika zaidi ni vya Creative Commons, shirika linaloandika leseni za aina hii, na vilianza kutolewa Desemba 2002. Herufi zake ni chache na zinasomeka haraka. BY inakutaka umtaje aliyeitengeneza kazi. SA inasema ukiibadilisha, toleo lako jipya nalo liachiwe wengine kwa leseni ileile. NC inakataza matumizi yenye lengo la biashara. ND inakataza kusambaza kazi ikiwa imebadilishwa. Kuna pia CC0, ambapo mwenye kazi ameachia haki zake zote kadiri sheria inavyomruhusu, na hiyo inakaribiana kabisa na milki ya umma. Leseni hizi zikishatolewa hazinyang’anywi aliyezipokea kwa haki, ila ukivunja masharti ruhusa yako inakoma. Toleo la 4.0, la mwaka 2013, lina huruma kidogo: ukirekebisha kosa ndani ya siku 30 tangu ulipoligundua, ruhusa inarudi yenyewe. Matoleo ya nyuma hayana nafasi hiyo, na ya askari wako ni 3.0.

Twende basi kwa hao askari, kwa sababu picha hii ina mafunzo mengi kuliko zote. Unasema ina zaidi ya miaka mia. Ni kweli, lakini umri wa picha hautoshi kuamua. Kanuni ya jumla ya sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 ni maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Ujerumani na nchi nyingine za Umoja wa Ulaya huhesabu miaka 70. Kenya, kwa picha za kamera hasa, huhesabu miaka 50 tangu picha ilipopigwa au kutolewa kwa umma mara ya kwanza, kwa kufuata tarehe iliyo ya mwisho. Unaona kwamba picha ileile inaweza kuwa huru Mombasa na bado ina mwenyewe Berlin.

Walther Dobbertin alipiga picha katika Afrika Mashariki ya Wajerumani akiwa kijana, lakini aliishi hadi 1961. Kwa hesabu ya miaka 50, haki zake zilikwisha mwishoni mwa 2011. Kwa hesabu ya miaka 70, zinaendelea hadi mwisho wa 2031. Picha zake zimo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ujerumani, Bundesarchiv, ambayo mwishoni mwa 2008 iliweka Wikimedia Commons picha zaidi ya 80,000 kwa leseni hiyo uliyoiona. Herufi DE mwishoni zinaonyesha ni toleo lililoandikwa kwa kufuata sheria ya Ujerumani.

Kwa nakala 500 zinazouzwa Tanga, mtu anaweza kukwambia picha hii kwetu ni milki ya umma, basi itumie bila neno. Hoja yake ina nguvu. Mimi nakushauri ufuate leseni hata hivyo. Inakudai mistari miwili tu ya maandishi, na siku ukikiweka kitabu mtandaoni kama PDF kitasomwa na Hamburg pia. Tena mwanafunzi wako ana haki ya kujua picha hiyo ilipigwa na nani. Kamera ilikuwa mikononi mwa Mjerumani, na walioitazama walikuwa watu wetu. Hilo lenyewe ni somo la historia.

Usiiogope hiyo SA. Baadhi ya waandishi huikimbia wakidhani picha moja ya SA italazimisha kitabu kizima kigawiwe bure. Picha ikikaa ndani ya kitabu kama ilivyo, kando ya maandishi yako, maandishi yanabaki yako. Ukiichezea, kwa mfano ukaipaka rangi au ukaiunganisha na picha nyingine, ni hiyo picha mpya ndiyo italazimika kubeba leseni ileile.

Chini ya picha andika: *Askari wa enzi za Wajerumani. Picha: Walther Dobbertin / Bundesarchiv (namba ya picha), CC BY-SA 3.0 DE.* Namba utaikuta kwenye ukurasa wa picha, inaanza na “Bild 105”. Kisha mwishoni mwa kitabu tenga ukurasa mmoja wa shukrani za picha, na hapo uandike anwani kamili ya leseni, creativecommons.org/licenses/by-sa/3.0/de, kwa sababu karatasi haina kiungo cha kubonyeza. Kama umekata pembe ili itoshee, sema “imekatwa pembeni”.

Picha ya dunia haina maneno mengi. Ikiwa ni ile inayoonyesha karibu Afrika nzima, Madagaska na barafu ya kusini, basi ilipigwa na wanaanga wa Apollo 17 tarehe 7 Desemba 1972, na ni kazi ya NASA. Sheria ya Marekani haitoi hakimiliki kwa kazi zilizotengenezwa na watumishi wa serikali kuu yao wakiwa kazini, kwa hiyo ipakue moja kwa moja kutoka NASA na uitumie. Andika “Picha: NASA”, usiweke nembo yao, na usiandike lolote litakaloonyesha kwamba NASA inakipendekeza kitabu chako. Lakini usiichukue kanuni hii ukaileta nyumbani. Picha ya Ikulu au ya halmashauri haiwi milki ya umma kwa kuwa tu aliyeipiga analipwa na Serikali. Hiyo omba.

Sasa mama wa samaki. Hapa nitakuambia jambo lililonipata. Miaka mingi iliyopita nilikuwa mhariri mdogo katika nyumba moja ya uchapishaji, na mimi ndiye niliyechagua picha yenye NC kwa kitabu cha kuuzwa, nikiamini kwamba kitabu cha shule si biashara. Mpiga picha alikiona, akatuandikia. Tulikaa sakafuni watu wanne siku mbili, tukibandika karatasi nyeupe juu ya picha yake katika kila nakala iliyokuwa bado ghalani. Gundi ilipenya, kurasa zikashikana, na nakala nyingine hazikufaa tena. Hadi leo nikiona herufi hizo mbili naisikia harufu ya ile gundi.

NC haiulizi kama umepata faida, inauliza matumizi yanalenga nini. Wewe utasema unarudisha gharama tu, na huenda mpiga picha akakubaliana nawe, lakini kitabu chenye bei ya shilingi 6,000 kimo dukani. Usijiweke katika mjadala huo. Nayo ND inakunyima hata nafasi ya kuibadilisha ilingane na muundo wa ukurasa wako. Sheria yetu inampa mwalimu mlango mdogo wa kutumia kazi ya mtu kama kielelezo cha kufundishia, kwa kiasi cha haki na kwa kumtaja. Mlango huo unakutosha darasani na kwenye karatasi ya mazoezi. Kitabu cha kuuza sokoni nisingekipitisha hapo bila kumwuliza mtu wa COSOTA kwanza.

Njia iliyonyooka ni kuandika. Wapiga picha wengi wana sehemu ya kupokea ujumbe palepale picha ilipo. Mwandikie hivi: wewe ni nani, kitabu ni cha nini, nakala 500, bei shilingi 6,000, picha itakaa ukurasa wa ndani kwa ukubwa wa kiganja, jina lake litaandikwa hivi, na je, anakuruhusu? Weka kiungo cha picha yenyewe. Akikujibu “ndiyo”, hifadhi jibu hilo. Nimeona wengi wakiruhusu bila malipo kwa kitabu kidogo cha shule. Asipojibu, usihesabu kimya chake kuwa ndiyo.

Kuna na mtu wa pili katika picha hiyo ambaye hatujamtaja, naye ni mama mwenyewe. Leseni inatoka kwa mpiga picha na inahusu haki za mpiga picha. Sura ya mama haikuwa yake kuitoa. Hata tovuti zinazogawa picha bure kabisa hazikuhakikishii kwamba aliyepigwa picha aliridhia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019, na mahakama za Kenya zimeshaamua kesi za watu waliokuta sura zao kwenye matangazo bila kuulizwa. Picha ya soko lenye watu wengi ina hatari ndogo. Sura moja inayotambulika chini ya kichwa “Biashara ndogondogo” nayo inavumilika. Sura hiyohiyo chini ya kichwa “Umaskini” inamuumiza mtu ambaye ana watoto na majirani wanaojua kusoma. Kwa picha za watoto uwe mkali zaidi: bila ridhaa ya mzazi au mlezi, iache.

Mchoro wa Tingatinga umeniletea furaha, kwa sababu ni wetu na watu wanaudhania hauna mwenyewe. Edward Saidi Tingatinga, mchoraji aliyeanzisha mtindo huu, alifariki 1972. Kwa hesabu ya miaka 50, kazi za mkono wake zilikuwa huru nchini Tanzania tangu mwanzo wa 2023. Lakini mtindo wake ulienea, na hadi leo kuna wachoraji wengi wanaouendeleza. Mtindo hauna hakimiliki. Yeyote anaweza kuchora chui mwenye madoa kwa rangi zinazong’aa. Kila mchoro mmojammoja, hata hivyo, ni wa aliyeuchora.

Basi ifungue picha hiyo kwenye simu, ivute hadi kona za chini. Mara nyingi utakuta jina la mchoraji pale, limeandikwa kwa brashi nyembamba. Ukishalipata jina, muulize aliyeituma kwenye grupu alikoipata, halafu mtume ndugu au rafiki aliyeko Dar es Salaam afike kwenye ushirika wa wachoraji wa Tingatinga pale Oysterbay. Wanajuana. Ongea na mchoraji mwenyewe kuhusu jalada na umweleze kwamba ulitaka kubadilisha rangi, kwa kuwa anaweza kukataa, na kazi ni yake. Mkikubaliana, andikeni karatasi moja: mchoro upi, nakala ngapi, malipo kiasi gani au hakuna, na saini mbili. Jalada ndilo linalouza kitabu, kwa hiyo ikiwa una shilingi ya kumlipa mtu mmoja katika kazi hii nzima, mlipe huyu. Kumbuka pia kwamba aliyeupiga picha mchoro kwa simu huenda naye ana dai lake. Mwombe mchoraji picha safi, au uupige mchoro picha wewe mwenyewe ukiwa naye.

Kabla hujamaliza, fanya kazi moja ya kuchosha. Kwa kila picha utakayotumia, piga picha ya skrini ya ukurasa mzima, ionekane leseni, jina na tarehe uliyopakua, uiweke kwenye faili moja na kitabu. Tovuti hubadilika. Unsplash ilikuwa ikitoa picha kwa CC0 hadi katikati ya 2017 ilipoandika leseni yake yenyewe, na Pixabay ilifanya vivyo hivyo 2019. Aliyepakua zamani akiwa na ushahidi yuko salama, asiye nao anabaki kujieleza. Tena wapo wanaopakia picha za wenzao na kuzibandika leseni isiyo yao. Ukiona akaunti yenye picha za wapiga picha wa dunia nzima na zote eti ni zake, itafute picha hiyo kwa kutumia picha yenyewe uone ilianzia wapi. Ukitaka kuanza upya, kwenye utafutaji wa picha wa Google kuna kichujio cha haki za matumizi. Kinapunguza kazi, ila bado ufungue ukurasa wenyewe usome leseni.

Ukipokea barua ya kudai fedha, hapo ndipo umtafute mtu ana kwa ana. Usiitupe, na usilipe siku hiyohiyo. Ondoa picha mtandaoni kama iko huko, simamisha uuzaji, kusanya ushahidi wako, kisha nenda ofisi ya hakimiliki: COSOTA, au COSOZA kwa aliyeko Zanzibar, au KECOBO kwa aliyeko Kenya. Ofisi hizi zipo kwa ajili ya maswali kama yako, na unaweza kufika hata kabla ya ugomvi, ukiwa na rasimu ya kitabu mkononi. Wakili mtafute kama kiasi kinachodaiwa ni kikubwa, kama barua imetoka nchi nyingine, au kama mchapishaji mkubwa anataka kununua kitabu chako na haki zake zote.

Kuhusu mama wa samaki, mpe mpiga picha wiki mbili. Akikaa kimya, Tanga ina bahari na ina wauza samaki. Chukua simu yako, nenda asubuhi mashua zinapoingia, kabla jua halijapanda, umwamkie mmoja wao, umweleze kitabu chako na umwombe. Akikubali, muulize na jina lake angependa liandikweje chini ya picha, na kitabu kikitoka umpelekee nakala.